Namjua Aliyekatazwa Kujua

Kibaraza cha mahakama kina nguzo sita, na nguzo ya tatu ina alama ya mgongo. Rangi imebanduka kwa umbo la mabega mawili na kisogo, hata ukitazama vizuri utadhani kuna mtu aliingia nguzoni akasahau kutoka. Huo ni mgongo wa mzee waliyemwita Namjua. Miaka ishirini na minne ya kuegemea si mchezo.

Kazi yake haikuwa na cheo wala kiti. Ukienda mahakamani kuapa kwamba umepoteza cheti, au kwamba jina lako la kwenye karatasi na jina lako la nyumbani ni la mtu mmoja, dirisha namba nne hukuuliza: nani anakufahamu? Lazima asimame mtu kando yako, aape kwamba wewe ni wewe. Sasa wewe umetoka mbali, jirani yako yuko kazini, na ndugu zako mmenuniana tangu msiba uliopita. Utafanyaje? Unatoka nje, unakwenda nguzo ya tatu.

"Mzee, naomba unijue."

"Nimeshaanza," anajibu Namjua, anakung'uta suruali nyuma, anakufuata dirishani.

Na pale dirishani ndipo ungeona ufundi. Mwongo mchanga hukimbia maelezo, Namjua aliyaongeza. Hakusema tu kwamba anakufahamu. Alisema amekufahamu tangu ukiwa huna meno ya mbele, kwamba baba yako alikuwa na mbuzi mwenye jicho moja, kwamba siku ulipoanza shule ulilia mpaka mwalimu naye akalia. Wateja wengine walitoka pale macho yamewalowa, wakimkumbuka mbuzi ambaye hawakuwahi kuwa naye. Karani alicheka, akagonga muhuri. Ujira wake ulikuwa chochote: chai, sigara, nauli.

Kando yake, kwenye kigoda, alikaa mama mmoja aliyeuza fomu, stempu, bahasha na kalamu, na aliyekodisha kidau chake cha wino kwa wanaotia dole gumba. Watu walimwita Mama Muhuri. Miaka kumi na sita walikuwa majirani, bega kwa bega, na katika miaka yote hiyo Mama Muhuri hakuwahi kumwapia mtu hata mara moja. Siku Namjua alipougua kifua, foleni nzima ilimwangukia miguuni. Alikataa. "Mimi nauza karatasi," alisema. "Ulimi wangu nimebaki nao mwenyewe."

Nyumbani, mke wa Namjua alikuwa na utaratibu wake. Mume akisema nje mvua inanyesha, yeye hutoa mkono dirishani kwanza. Akisema ameshakula, humpakulia. Hakuwa na kinyongo. Alikuwa kama mtu anayeishi na saa mbovu: haitupi, ila haiulizi wakati.

Mambo yakaenda hivyo mpaka alipoletwa Msajili mpya, mwanamke kijana wa miwani minene, ambaye wiki yake ya kwanza alifanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa na yeyote tangu jengo lile lijengwe. Alifungua makabati akazisoma zile hati za viapo.

Akamwita Namjua ofisini.

"Mzee, kwa mujibu wa karatasi hizi, umesoma shule za msingi arobaini na tatu."

"Nilipenda shule, mama."

"Umezaliwa katika vijiji kumi na kimoja."

"Uzazi ulikuwa mgumu."

"Na hapa umeapa kwamba ulikuwepo siku alipozaliwa bibi huyu. Huyu bibi ana miaka themanini na miwili. Wewe una sitini na mmoja."

Namjua alifikiri kidogo. "Nilisimuliwa vizuri sana."

Msajili hakucheka. Watu wa namna hiyo ni hatari. Ukimkuta mtu asiyecheka ana ufunguo wa kabati, hama. Alimsukumia karatasi iliyokwisha kupigwa chapa na kumwambia achague: polisi au sahihi. Namjua akachagua sahihi, kama ambavyo ungechagua wewe. Karatasi ilisema: *Mimi, mwapaji, naapa kwamba viapo vyote nilivyoapa na nitakavyoapa ni vya uongo, na kwamba nisiaminiwe kwa neno lolote ninaloliapa.* Nakala moja ikaingia jaladani. Nyingine ikabandikwa kwenye kioo cha dirisha namba nne, kwa ndani, mvua isiifikie.

Alipotoka, Mama Muhuri alimtaka amwambie karatasi inasemaje. Akasikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa.

"Ngoja kwanza. Na hiki chenyewe umekiapa?"

"Nimekiapa. Mkono juu."

"Basi nacho ni cha uongo."

"Kikiwa cha uongo, mimi ni mkweli."

"Ukiwa mkweli, ulichokiapa ni kweli. Na ulichokiapa ni kwamba wewe ni mwongo."

"Basi ni mwongo."

"Kwa hiyo umesema kweli."

Walitazamana. Kisha walicheka mpaka Mama Muhuri akashika kigoda kwa mikono miwili, na kidau cha wino kikamwagika juu ya bahasha za watu. Kwa wiki tatu kile kikawa kichekesho cha kibaraza kizima. Makarani wa mawakili walimnunulia Namjua chai ili awasimulie tena. Mmoja aliyewahi kusoma vitabu vikubwa alisema wazee wa kale walikivunjia vichwa kitendawili hichohicho wasipate jibu. Namjua akamwambia wazee hao walikosa tu Msajili. Alikuwa amepoteza kazi, lakini chai ilikuwa inakuja, na nguzo haikudai kiapo.

Jumatano ya wiki ya nne alikuja mhudumu wa mochwari.

Alikuwa akija kila wiki kubandika ubaoni orodha ya maiti wasio na wenyewe. Orodha hukaa mpaka Ijumaa asubuhi. Asipojitokeza mtu mwenye hati ya kiapo, halmashauri huwachukua, huwazika shimo moja, na juu yake hupigwa kigingi chenye namba. Mhudumu aliomba pini kwa Mama Muhuri, na huku akibandika akaisoma kwa sauti, kama mtu anayesoma bei.

"Mwanamke, kovu la goti. Mwanamume, kijana, hana alama. Mwanamume, mzee, amekatika ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Huyu wa mwisho kanishangaza. Mfukoni hana karatasi, hana simu, ana jiwe la mizani tu. La shaba. Dogo hivi."

Namjua alikuwa ameinua kikombe. Alikirudisha chini bila kunywa.

Ni lazima hapa niseme habari za kaka yake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kumsema. Kaka mtu alikuwa fundi wa mizani. Alizunguka masokoni na mkoba wa mawe ya shaba, akikagua mizani ya wafanyabiashara, na aliyepunja alimsema papo hapo, mbele za watu. Mtu mgumu. Maishani mwake alisema uongo mara moja tu, na hata huo ulikuwa wa kumsaidia mwingine. Walikuwa watoto, wakipasua kuni, shoka likiwa mkononi mwa mdogo. Shoka likateleza. Baba alipotoka na fimbo, mdogo alilia kwamba kaka kajikata mwenyewe. Baba akamgeukia mkubwa, aliyekuwa amesimama damu ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko. "Kweli?" Naye akasema: "Kweli, baba. Nimejikata." Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza wa Namjua, na kwa bahati mbaya ulifanikiwa.

Miaka kumi na tisa iliyopita kaka alimripoti mfanyabiashara mmoja mwenye mizani iliyochezewa. Mfanyabiashara alitafuta mtu wa kuapa kwamba ni mwaminifu tangu utoto wake, akaelekezwa nguzo ya tatu. Namjua aliapa bila kuuliza kesi ni ya nani. Aliweka na mbuzi. Kaka akaonekana mzushi, akanyang'anywa kibali cha kazi. Jioni hiyo alikuja mlangoni, hakuingia.

"Umewajua watu wote wa dunia hii," alisema. "Mimi nitoe kwenye orodha. Ukiulizwa popote, usiseme unanijua."

Na hilo, mwongo yule alilishika. Aliapa kuwajua maelfu, lakini huyo mmoja hakumtaja. Hata mke aliyemwoa miaka miwili baadaye alimwambia amezaliwa peke yake.

Mchana alikwenda mochwari. Mhudumu alipomwona alicheka.

"Mzee Namjua! Umepata mteja? Mimi nilidhani maiti huwagusi."

"Nataka kumwona wa kidole."

"Kuona ruhusa. Kutoka naye mpaka hati."

Droo ilivutwa. Kaka alikuwa amekuwa mdogo. Ndevu zilikuwa nyeupe zote, na kwapani shati lilikuwa limeshonwa kwa mkono, kwa uzi wa rangi nyingine, mishono ya mtu anayeishi peke yake. Namjua alikitazama kile kidole. Alitaka kukigusa, lakini mhudumu alikuwa amesimama pale akitafuna njiti, akisubiri kusikia habari za mbuzi.

"Vipi, anafaa?" aliuliza mhudumu.

"Funga," alisema Namjua.

Alhamisi asubuhi alisimama mbele ya dirisha namba nne. Kati ya uso wake na uso wa Msajili, ambaye sasa alikaa dirishani mwenyewe, kulikuwa na kioo, na juu ya kioo kulikuwa na karatasi yake mwenyewe, maandishi yakielekea ndani, yeye akiyaona kinyumenyume.

"Nimekuja kumtambua marehemu," alisema. "Yule mwenye kidole kilichokatika. Ni kaka yangu."

Msajili alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kaka yako."

"Baba mmoja, mama mmoja."

"Nikuulize kitu kimoja tu, mzee. Hiki kiapo kilichobandikwa hapa ni cha kweli au cha uongo?"

Foleni nyuma ilisogea. Wengine walikuwa wamekinunulia chai kichekesho hicho, walitega masikio.

"Ni cha kweli," alisema Namjua. "Nilikuwa mwongo."

"Basi umekwisha kuapa kwamba na kiapo cha leo ni cha uongo. Siwezi kukipokea."

"Basi sema ni cha uongo."

"Kikiwa cha uongo, uliniapia uongo mimi, ofisini kwangu, mkono juu. Siwezi kukipokea."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka puani.

"Mama," alisema Namjua, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "nilimkata mimi. Hicho kidole. Kwa shoka. Hakuna mtu anayejua isipokuwa mimi na yeye."

"Kwa hiyo shahidi wako ni marehemu."

"Ndiyo."

"Unaona?" Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mwalimu anayesikitikia hesabu iliyokosewa. "Sikukataa kukuamini mimi, mzee. Ulikataa wewe, kwa maandishi. Na nakuambia kabisa, yeyote utakayemleta aje kwa jina lako, naye sitampokea. Mwingine!"

Alirudi nguzo ya tatu. Hakuegemea. Alikaa sakafuni, jambo ambalo Mama Muhuri hakuwahi kuliona. Mama Muhuri alipanga kalamu zake, akazipangua, akazipanga tena.

"Nimesikia," alisema mwishowe.

Namjua alifuta vumbi la goti.

"Miaka kumi na sita nimekaa hapa. Hujawahi kusema una kaka."

"Alinikataza."

"Ni kaka yako kweli?"

Alifungua kinywa. Akatafuta neno. Maneno yote aliyokuwa nayo alikuwa amekwisha kuyatumia: *kweli tupu, mbele ya Mungu, naapa, kwa uhai wangu*. Alikuwa ameyasema kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, kwa ajili ya mabwana harusi wenye wake watatu waliofichwa. Yalikuwa kama sarafu iliyosuguliwa mpaka kichwa cha mfalme kikatoweka.

"Niape?" aliuliza.

"Usiape, tafadhali."

Basi akakaa kimya. Mtu akaja kununua stempu, akahudumiwa, akaenda. Mwingine akatia dole gumba, akafutia suruali. Mama Muhuri alimtazama jirani yake kwa jicho la pembeni muda mrefu.

"Ukidanganya huwa unaongeza," alisema. "Mbuzi, mto, mwalimu anayelia. Leo huna hata kuku." Akakifunika kidau cha wino. "Niangalizie meza."

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kuchafua ulimi wangu. Na usinishukuru, utanifanya nirudi."

Dirisha lilikuwa hatua kumi na mbili tu, na Namjua alisikia kila neno.

"Naja kumtambua marehemu wa kidole," alisema Mama Muhuri. "Alikuwa jirani yangu. Ule mtaa nilioishi zamani." Alisema vibaya, kwa kigugumizi, bila pambo lolote, akizungusha pete kidoleni. Karani yeyote mzoefu angemfukuza. Lakini Msajili alikuwa amesoma makabati yote.

"Mama, wewe nakujua," alisema. "Katika karatasi zote humu ndani jina lako sijaliona hata mara moja. Kibaraza kizima, ni wewe tu." Akashika kalamu. "Nikuulize. Yule mzee anadai kwamba marehemu ni kaka yake. Ni kweli?"

Pete ilizunguka mara moja, ikasimama.

"Yule? Mama, yule si anamjua kila mtu? Marehemu hakuwa na ndugu."

Msajili aliitikia kwa kichwa, ameridhika, mtu aliyeona hesabu imetoka sawa. *Ndugu: hana*, aliandika. Muhuri ukagongwa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Mama Muhuri alirudi na hati mkononi. Aliketi. Hakumtazama Namjua usoni.

"Wamesema asubuhi saa mbili," alisema. "Mimi ndiye mwenye maiti."

Ijumaa walikuwa watu wanne kaburini: wachimbaji wawili, Mama Muhuri, na Namjua aliyesimama nyuma kidogo, kama mtu aliyepita njia akaona aibu kuondoka. Mhudumu wa mochwari alikuja na mwili, na fomu kwenye ubao wa kuandikia. Jeneza lilipokuwa limeshuka alianza kujaza.

"Mwenye maiti, jirani. Sawa. Ndugu, hana. Sawa." Akainua macho. "Na wewe mzee? Maana nasikia jana dirishani ulikuwa na maneno yako. Fomu inataka nijue. Unamjua marehemu?"

Mama Muhuri aliinamisha kichwa. Sahihi aliyotoka kuitia ilikuwa pale juu ya ubao, wino bado mbichi, miaka kumi na sita ya ulimi safi imelazwa chini ya mstari mmoja. Neno moja tu la kweli, na jeneza lile lingepandishwa, na mama yule angekwenda kuulizwa ni jirani wa mtaa gani. Na nyuma ya hilo kulikuwa na sauti nyingine, ya mtu aliyesimama mlangoni asiyetaka kuingia: mimi nitoe kwenye orodha.

"Simjui," alisema Namjua.

Mhudumu alicheka kwa sauti, akawatazama wachimbaji nao wacheke. "Leo mwisho wa dunia! Namjua hamjui mtu!" Akaandika. Kisha akakumbuka kitu, akaingiza mkono mfukoni. "Mama, hiki ni chako basi. Mali ya marehemu." Akampa Mama Muhuri lile jiwe la mizani.

Njiani kurudi Mama Muhuri alimnyooshea. Namjua alilitazama tu.

"Kaa nalo," alisema. "Uliapa wewe."

Walipofika kibarazani kulikuwa na mwanamke mmoja amesimama kando ya kigoda, amekunja karatasi mkononi. Alimpita Namjua kama unavyopitwa ukuta.

"Shikamoo, mama," alimwambia Mama Muhuri. "Samahani. Nimeambiwa dirisha namba nne wewe wanakuamini."

Namjua hakungoja kusikia jibu. Alikwenda nyumbani mapema, mchana kweupe. Mkewe alikuwa akikunja nguo kitandani.

"Umetoka wapi saa hizi?"

"Nimetoka kumzika kaka yangu."

Mkewe aliendelea kukunja. Shati, mkono wa kushoto, mkono wa kulia.

"Si uliniambia ulizaliwa peke yako?"

"Nilikudanganya."

"Na sasa?"

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakuongeza kitu. Mkewe alimaliza lile shati, akaliweka juu ya mengine, akamtazama kuanzia kichwani, akashuka polepole mpaka miguuni. Viatu vilikuwa na udongo hadi kwenye kamba. Akachuchumaa, akaugusa kwa kidole, akausugua kidogo. Ulikuwa bado mbichi.

Alimvua viatu, kimoja kimoja, akatoka navyo nje. Namjua alibaki pale na soksi zake, akivisikiliza vikigongwa ukutani.